Ndani ya Tanuri: Tangu Chuma cha Barongo Hata Nikeli ya Ngara

Kuna kazi ambazo mtu aweza kuzijua kwa kutazama matunda yake. Chungu huonyesha mkono wa mfinyanzi, na mkeka huonyesha vidole vya msukaji. Lakini kazi ya moto si hivyo. Kitu kilichopita motoni hutoka na sura nyingine, na kikipoa huvaa sura ya tatu. Naye atazamaye kipande kilichopoa hukata kesi bila ya kumsikia shahidi aliyekuwapo. Wahenga walisema kuwa nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Basi tanuri ni nyumba asiyoweza mtu kulala ndani yake, na kwa hiyo siri zake zimesumbua akili za watu tangu kale.

Nia ya insha hii ni kueleza jinsi watu walivyojaribu kuitazama kazi ya moto ingali ikitendeka: kwanza katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako leo ziko wilaya za Ngara na Biharamulo, kisha katika maabara za mbali zitumiazo miale ya eksi. Habari hizi mbili huonekana kama hazina udugu. Nitajaribu kuonyesha kuwa zinao, na kwamba udugu huo una haki ya kudaiwa.

Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nchi hii ilijulikana kwa wafanyabiashara wa misafara kwa jina la Usui. Speke na Grant walipita huko mwaka 1861, wakielekea Karagwe kwa Rumanyika, nao walitozwa hongo nyingi katika nchi ya mtawala Suwarora. Usui, pamoja na Uzinza iliyo jirani yake, zilikuwa na sifa ya chuma. Majembe yaliyofuliwa huku yalichukuliwa mabegani hata Unyamwezi, yakalima mashamba ya watu wasiopata kuliona tanuri lililoyazaa. Mashuhuri miongoni mwa wayeyushaji walikuwa Barongo, waliofanya kazi katika misitu ya Geita na Biharamulo. Barongo hawakuwa kabila kwa maana ya kawaida. Walikuwa chama cha kazi, kilichowakusanya watu wa asili mbalimbali chini ya ufundi mmoja na miiko mimoja.

Kazi yenyewe, kwa kifupi, ilikuwa hivi. Jiwe la chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Makaa yakiwaka katika hewa haba hutoa gesi yenye uchu wa oksijeni. Gesi hiyo hupenya katika jiwe, huinyang'anya oksijeni yake, na chuma hubaki. Lakini jambo hilo halitendeki ila moto uwe mkali kwa kiasi, hewa iwe ya kutosha na isizidi, na takataka za jiwe ziyeyuke zichuruzike chini. Mvukutaji alikuwa na mivukuto ya ngozi na mirija ya udongo. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na macho ya kutambua rangi ya mwali, na masikio ya kusikia pumzi ya mivukuto. Tanuri lilifananishwa na mwanamke mwenye mimba, na chuma kilifananishwa na mtoto. Dawa zilizikwa katika shimo lake, na mafundi walijitenga na wake zao hata kazi iishe. Msomaji wa leo aweza kuitabasamia miiko hiyo. Afadhali aione kuwa ni njia ya kukiri jambo la kweli: kwamba lililo muhimu lilikuwa likitendeka gizani, mahali ambapo jicho halifiki, na kwamba hapana aliyeweza kulifungua tumbo hilo katikati ya safari bila ya kumwua mtoto.

Kisha majembe ya Ulaya yakaja, ya bei nafuu, na moto wa matanuri ukazimika mmoja baada ya mwingine katika zama za ukoloni. Yakabaki mavi ya chuma, vipande vya mirija, na mashimo yaliyofukiwa na mvua. Wataalamu wa mambo ya kale walipofika walikusanya masalio haya, wakayakata, wakayatazama kwa darubini. Walijifunza mengi. Walakini masalio yaliyopoa yalikubali kufasiriwa kwa njia zaidi ya moja, na hapakuwa na moto wa kuamua.

Mwaka 1976, huko Buhaya, kaskazini ya Biharamulo, Peter Schmidt na Donald Avery walifanya jambo la busara. Waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao wajenge tanuri upya na kuwasha moto, nao wakaingiza vipima joto mle ndani, kazi ikiendelea. Mwaka 1978 walitangaza matokeo yao katika gazeti la *Science* la Marekani. Walisema kuwa joto mbele ya vinywa vya mirija lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Kwamba mirija, kwa kuwa iliingia ndani sana ya tanuri, ilipasha hewa joto kabla haijakutana na makaa. Na kwamba nyasi za bwawani zilizochomwa na kutandazwa shimoni zilishiriki katika kukizaa chuma. Mabingwa wengine waliyapinga baadhi ya maneno hayo, hasa habari ya hewa kupashwa joto, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mimi siamui kesi hiyo. Ninalotaka msomaji alione ni kuwa mabishano yenyewe yalipata uzito kwa sababu moto uliwashwa. Watu walibishana juu ya vipimo vya tanuri lililo hai, wala si juu ya mifupa ya tanuri lililokufa. Baadaye Schmidt aliwaendea Barongo pia, na tanuri lao likawashwa tena mbele ya macho ya watafiti.

Sasa natuvuke kutoka msituni kwenda viwandani; lakini msomaji asidhani kuwa tunaliacha tanuri. Karne iliyoyazima matanuri ya Uzinza ndiyo iliyowasha matanuri mengine duniani, yenye kuta za chuma cha pua, ambamo ndani yake hukaa kitu kiitwacho kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya vitu vingine bila ya chenyewe kuliwa na mabadiliko hayo. Ni mfano wa mshenga: huwakutanisha wawili, ndoa ikafungwa, naye akaenda kwingine kufanya kazi ile ile.

Mwaka 1897 Paul Sabatier wa Toulouse, Ufaransa, pamoja na Jean-Baptiste Senderens, aligundua kuwa unga wa nikeli huweza kuitia hidrojeni ndani ya gesi ya ethilini kwa joto la kadiri. Kazi ya namna hii ilimpatia Sabatier Tuzo ya Nobeli mwaka 1912. Kwa nikeli hiyo hiyo viwanda vikaweza kuyageuza mafuta maji kuwa mafuta ya kuganda, ya kupikia na ya sabuni. Nikeli pia, katika mirija iliyopashwa nyuzi 800 na zaidi, huikutanisha gesi asilia na mvuke wa maji, ikatoka hidrojeni. Nayo hidrojeni hupelekwa katika tanuri jingine, ikafungamana na nitrojeni ya hewani, ikawa amonia, mama wa mbolea ya chumvichumvi.

Katika tanuri hilo la amonia kichocheo ni chuma. Ni vema tusimame hapa kidogo. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kuwa amonia yaweza kutengenezwa. Lakini kichocheo cha bei nafuu na cha kudumu kilitafutwa na Alwin Mittasch katika kampuni ya BASF, Ujerumani. Yeye na wenzake walijaribu vichocheo kama 2,500 katika majaribio kama 6,500 kabla ya kiwanda cha Oppau kuanza kazi mwaka 1913. Kilichoshinda kilikuwa jiwe la chuma la Uswidi lenye vitu vichache vilivyochanganywa nalo. Jiwe hilo huingia katika tanuri likiwa limefungamana na oksijeni. Hidrojeni huinyang'anya oksijeni hiyo, na chuma tupu hubaki, chenye vishimo vingi, tayari kwa kazi. Je, hii si kazi ile ile ya Barongo? Jiwe ni la jamii moja, mnyang'anyi wa oksijeni ni gesi, na mahali ni ndani ya ukuta usiopenyeka kwa macho. Na Mittasch, pamoja na elimu yake yote, alikuwa katika giza lile lile: alijua kilichoingia na kilichotoka, lililokuwa katikati alilikisia.

Mtu atauliza, kwa nini wasilizime tanuri, wakatoa kichocheo na kukitazama? Walifanya hivyo, nacho kikawadanganya. Nikeli iliyokuwa metali safi katika hidrojeni yenye joto, ikipoa na kuguswa na hewa, hushikwa na oksijeni. Chembe zake zikiwa ndogo sana, oksijeni huila sehemu kubwa. Mtafiti huona kitu ambacho hakikuwapo wakati wa kazi, akakitungia nadharia. Wengine walikwepa hila hiyo kwa kuvitazama vitu safi mno katika chombo kisicho na hewa kabisa. Kwa njia hiyo Gerhard Ertl alieleza hatua kwa hatua jinsi nitrojeni na hidrojeni zinavyokutana juu ya uso wa chuma, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2007. Kazi yake ni kubwa. Lakini chombo kisicho na hewa si kiwanda chenye mgandamizo mkubwa, kama vile mwalimu wa kuogelea asivyoweza kumaliza somo lake nchi kavu.

Palitakiwa jicho lipenyalo kuta, gesi na joto bila ya kuungua. Jicho hilo lilikwisha kuzaliwa. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksi mwaka 1895, na watu wengi huijua kwa picha za mifupa hospitalini. Lakini miale hii ina tabia nyingine. Kila elementi huimeza kwa ghafla inapofika kiasi fulani cha nguvu, na kiasi hicho ni chake peke yake, kama alama ya ng'ombe. Chuma huimeza kwa nguvu ya elektronivolti 7,112. Nikeli kwa 8,333. Maurice de Broglie aliyaona mabadiliko haya ya ghafla mwaka 1913 katika picha alizopiga, na ikafahamika kuwa fedha na bromini zilizokuwamo katika dawa ya sahani ya picha ndizo zilizokuwa zikiimeza miale. Shahidi alikuwa amejificha ndani ya chombo cha kuchukulia ushahidi!

Basi mtu akiongeza nguvu ya miale kidogo kidogo na kupima kiasi kimezwacho, hupata mchoro wenye ngazi kali. Mahali pa ngazi hubadilika kidogo elementi inapofungamana na oksijeni, kwa hiyo ngazi husema, "Mimi ni nikeli tupu," au, "Mimi ni nikeli iliyoshikwa." Baada ya ngazi huja mawimbi madogo. Mawimbi haya yaliwashangaza watu tangu miaka ya 1920, na Ralph Kronig alijaribu kuyaeleza mwaka 1931. Lakini fumbo lilifumbuliwa vizuri mwaka 1971 na Dale Sayers, Edward Stern na Farrel Lytle, Wamarekani watatu. Walionyesha kuwa mawimbi hutokana na elektroni inayotoka katika atomu, ikagonga atomu jirani na kurudi kama mwangwi. Mwenye kuupima mwangwi aweza kujua jirani yuko umbali gani, na majirani ni wangapi.

Miale iliyohitajiwa ilikuwa mingi kuliko iliyoweza kutolewa na vyombo vya kawaida. Msaada ulitoka katika sinkrotroni, yaani mitambo ya mviringo ambamo elektroni hukimbizwa karibu na mwendo wa nuru, na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa miale mikali. Lytle alisimulia baadaye kuwa katika safari moja ya kwenda kwenye mtambo huo walipata kwa siku tatu vipimo vingi na bora kuliko vya miaka 10 iliyotangulia, naye akavifunga vyombo vyake vya zamani.

Ndipo tanuri lilipoingizwa katika mwali. Huko Denmark, Bjerne Clausen na Henrik Topsøe walikuwa miongoni mwa waliotengeneza kitanuri kidogo kuliko vyote: mrija mwembamba wa kioo cha kwazi, wenye unga wa kichocheo ndani yake. Gesi huingia upande mmoja, hewa ya moto hupulizwa kwa nje, miale hupita katikati, na gesi itokayo hupimwa ili ijulikane kuwa kichocheo kinafanya kazi kweli. Sharti hili la mwisho ndilo roho ya jambo. Tangu mwanzo wa karne ya 21 utafiti wa namna hii umeitwa *operando*, neno la Kilatini lenye maana ya "kinapotenda kazi". Kukipasha kichocheo moto hakutoshi. Lazima kionekane kikitenda.

Waliona nini? Waliiona nikeli ikinyang'anywa oksijeni hatua kwa hatua kadiri joto lilivyopanda. Waliona kuwa chembe za shaba zilizokaa juu ya oksidi ya zinki hazina umbo moja la kudumu: gesi ikiwa na uchu wa oksijeni hulala na kutandaa, na gesi ikibadilika hujikunja tena. Kichocheo, kilichodhaniwa kuwa jiwe lisilojali, kikaonekana kuwa kiumbe mwenye tabia, abadilikaye kwa kadiri ya wale anaokaa nao.

Walakini jicho hili lina ila zake, na asiyezisema hasemi kweli. Joto kali huzitikisa atomu, na mtikisiko huufifisha mwangwi. Katika nikeli nzima kila atomu ina majirani 12 wa karibu. Katika chembe ndogo hesabu hupungua, na kwa kupungua huko watafiti hukisia udogo wa chembe. Sasa mwangwi ukififia kwa sababu ya joto, mtu asiyejihadhari huhesabu majirani saba mahali walipo kumi, akatangaza kuwa chembe zimevunjika, kumbe zimetetemeka tu. Tena, mwali huonyesha wastani wa atomu zote ulizozipitia, ilhali huenda kazi hufanywa na chache zilizo usoni. Na kipima joto kikiwa mbali kidogo na unga, nyuzi zilizoandikwa sizo nyuzi zilizokuwapo. Haya ni mashaka ya jamii moja na yale waliyobishania mabingwa wa tanuri la Buhaya: joto lilikuwa kiasi gani, na mahali gani hasa? Zana zimebadilika, swali ni lile lile.

Nasi turudi nyumbani. Chini ya vilima vya Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, imelala nikeli nyingi pamoja na shaba na kobalti, zikiwa zimefungamana na salfa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliichimbua habari yake katika miaka ya 1970. Tangu hapo makampuni ya kigeni yalikuja, yakatoboa ardhi, yakapima, yakauziana haki, yakaondoka. Januari 2021 serikali ya Tanzania ilitia saini mapatano yaliyoanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ilipata hisa 16 kwa mia, na ikakusudiwa kuwa madini yasafishwe nchini, huko Kahama, kwa njia ya maji na mgandamizo badala ya tanuri la kuyeyushia. Watu wa Ngara wamezoea kuyapima mambo haya kwa fidia ya mashamba, kwa ajira na kwa barabara, nao wana haki. Lakini kuna kipimo kingine, nacho ni cha elimu.

Jembe la Uzinza lilipokwenda Unyamwezi, elimu ya kulifanya ilibaki Uzinza. Lilikuwa jambo dogo mbele ya macho, lakini ndilo lililompa Murongo heshima yake: mnunuzi alichukua chuma, fundi akabaki na moto. Nikeli ikiondoka Ngara ikiwa jiwe, ikaenda kuwa kichocheo katika tanuri la ng'ambo, ikatazamwa huko kwa miale ya huko na macho ya huko, basi jiwe na elimu vyote viwili vitakuwa vimesafiri pamoja. Bara la Afrika halina hata sinkrotroni moja. Mwezi Novemba 2015 wataalamu wa Kiafrika na wenzao walikutana Grenoble, Ufaransa, kushauriana jinsi ya kuupata mtambo huo. Mwaka 2017 mtambo wa SESAME ulizinduliwa Allan, nchini Yordani, kwa ushirikiano wa nchi ambazo nyingine zina uadui wa wazi baina yao, na Misri ni mmoja wa wanachama. Moja ya njia zake za kwanza za miale ilikuwa ya kupima ngazi na mawimbi niliyoyaeleza. Basi umaskini na ugomvi, ingawa ni vizuizi vikubwa, si vizuizi visivyovukika.

Wala si lazima kungoja mtambo. Kijana wa Ngara au Biharamulo anayesoma kemia aweza kuanza na lililo karibu: mavi ya chuma yaliyotapakaa katika ardhi ya babu zake, na wazee ambao bado wanakumbuka walichosimuliwa na waliovukuta. Kutoka hapo hata kwenye mrija wa kwazi si mbali kama inavyodhaniwa, kwa kuwa somo ni moja. Barongo walijua kuwa ukweli wa chuma uko motoni, nao walikaa kando ya moto usiku na mchana, wakisikiliza. Wajukuu wao wamekalia nikeli. Watu wa ng'ambo wataitia motoni na kuitazama, wajukuu hao wakiwapo au wasiwepo. Na mtu asiyekuwapo hubaki kuletewa habari, kwa bei aipangayo mwenye kuzileta.